Bibi wa pepeo: kumsoma mwanamke asiye na jina katika picha ya Velázquez

Katika jumba la makumbusho la Wallace Collection, London, imetundikwa picha ya mwanamke aliyechorwa hadi kiunoni. Kichwani ana mtandio mweusi wa lesi. Gauni lake lina rangi ya kahawia iliyofifia, na shingo ya gauni imekatwa chini hadi kifua kinaonekana. Amevaa glavu za ngozi nyeupe. Mkono mmoja umeshika pepeo lililokunjuliwa, na kwenye mkono wa pili inaning'inia rozari ya dhahabu pamoja na utepe wa buluu. Anamtazama mtazamaji usoni, moja kwa moja, bila tabasamu.

Mchoraji ni Diego Velázquez, mchoraji wa Felipe IV, mfalme wa Hispania. Picha ina urefu wa sentimita 95 na upana wa sentimita 70, na ilichorwa mwishoni mwa miaka ya 1630 au karibu na 1640. Mchoraji hakuandika jina la bibi huyu popote. Hakuna nembo ya ukoo, hakuna barua mkononi yenye anwani, hakuna mbwa wala mtoto wa kutupa dokezo. Tangu zamani anaitwa Bibi wa Pepeo tu, na watu wameshindana kumpa jina tangu karne ya 19.

Naona njia bora ya kumkaribia ni kuliweka jina kando kwanza na kuanza na vitu vinavyoshikika: kitambaa, rangi, nguo, na sheria za nguo za Madrid. Vitu hivyo vinaeleza mengi, tena kwa uhakika kuliko uso. Uso wa mchoro ni shahidi dhaifu, kwa sababu watu wawili wasiojuana huweza kufanana, na mchoraji mmoja huwapa watu wengi macho yaleyale.

Tuanze na turubai lenyewe. Wachoraji wa Hispania wa karne ya 17 walichora juu ya kitani kilichowambwa kwenye fremu ya mbao kwa misumari. Kitani hupakwa kwanza gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, ili mafuta ya rangi yasiingie kwenye nyuzi na kuziozesha. Juu ya gundi huja rangi ya chini inayofunika kitambaa chote. Hapa ndipo Velázquez anapojitambulisha hata kabla ya kuchora jicho moja. Alipokuwa kijana Seville, mwanafunzi wa mchoraji Francisco Pacheco tangu 1611, alitumia rangi ya chini ya kahawia iliyotengenezwa kwa udongo wa huko. Alipohamia Madrid na kuajiriwa na mfalme mwaka 1623, akafuata desturi ya huko ya udongo mwekundu. Aliporudi kutoka safari yake ya kwanza ya Italia, ya 1629 hadi 1631, rangi zake za chini zikawa nyepesi: nyeupe ya madini ya risasi iliyochanganywa na udongo kidogo na nyeusi kidogo, hadi ikawa kijivu au rangi ya mchanga.

Badiliko hilo lilikuwa na faida kubwa. Juu ya rangi ya chini nyeusi au nyekundu, kila mwanga lazima ujengwe kwa rangi nzito, tabaka juu ya tabaka. Juu ya kijivu chepesi, rangi ya chini yenyewe inafanya kazi ya kivuli cha kati. Mchoraji anaweza kuiacha wazi kati ya mpigo mmoja wa brashi na mwingine, na jicho la mtazamaji likajaza lililobaki. Ndiyo maana picha zake za miaka hiyo ni nyembamba ajabu. Mtandio wa bibi huyu unaonekana kama lesi nzito ukiwa umbali wa hatua nne. Ukisogea, unakuta utando wa nyeusi iliyoyeyushwa kwa mafuta, kisha juu yake alama chache za nyeusi nzito zilizopigwa haraka. Mchoraji hakuhesabu tundu hata moja la lesi.

Rangi zake zilikuwa chache. Nyeupe ilikuwa ya risasi: vipande vya madini hayo viliwekwa juu ya vyungu vya siki, vikafukiwa kwenye samadi kwa wiki kadhaa, na joto la samadi na mvuke wa siki vikageuza uso wa risasi kuwa unga mweupe. Nyeusi ilitokana na mifupa iliyochomwa au mkaa wa kuni. Nyekundu kali ilitokana na zebaki na salfa. Nyekundu ya kung'aa kama divai ilitokana na wadudu wa kochinili waliokaushwa na kuletwa kutoka Mexico kwa meli. Kulikuwa na udongo wa njano, mwekundu na wa kahawia. Buluu mara nyingi ilikuwa azuraiti, jiwe la shaba lililosagwa, au kioo cha buluu kilichosagwa. Vyote vilichanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Kwa tabaka zinazopitisha mwanga, Velázquez alikuwa na mazoea ya kuongeza unga wa chokaa usio na rangi. Chokaa hiyo ikikutana na mafuta inakuwa kama kioo. Inaipa rangi unene bila kuifanya iwe nzito machoni.

Wembamba huo umekuwa na gharama. Picha ya namna hii ikisafishwa na mtu mwenye haraka, tabaka za juu huondoka pamoja na vanishi ya zamani. Nyeusi ndizo zinazoumia kwanza, kwa sababu zina mafuta mengi na hukauka polepole. Mtu anasugua kwa kiyeyushi akidhani anatoa uchafu, kumbe anatoa kivuli cha mtandio. Kosa la pili ni la ukarabati wa karne ya 18 na ya 19. Turubai lililochoka lilibandikwa kitambaa kipya nyuma kwa gundi ya unga na kupigwa pasi ya moto. Pasi ikizidi, mipigo minene ya nyeupe hulala chini, na nyuzi za kitani huchomoza kupitia rangi kama mbavu. Unapoona picha ya Kihispania ya karne hiyo ambayo uso wake una mistari ya kitambaa kila mahali, usimlaumu mchoraji.

Rangi nazo huzeeka kila moja kwa namna yake. Nyekundu ya kochinili hufifia kwa mwanga. Kioo cha buluu kilichosagwa hugeuka kijivu, kwa sababu potasiamu iliyomo hutoka taratibu na kuingia kwenye mafuta. Nyeupe ya risasi huungana na mafuta na kuwa kama sabuni, na hapo hupitisha mwanga zaidi kuliko siku ilipopakwa. Ndiyo maana marekebisho ambayo mchoraji aliyafunika huanza kuonekana baada ya miaka mia mbili au tatu, kola ya kwanza chini ya kola ya pili, farasi akionekana na mguu wa tano. Vanishi nayo hugeuka njano, na buluu iliyo chini yake huonekana kijani. Anayetaka kutoa hoja juu ya rangi ya utepe au ya gauni lazima kwanza aulize hali ya vanishi siku alipoitazama.

Uchunguzi wa picha kama hii una mpangilio wake, na mpangilio huo una sababu. Huanza na macho na mwanga wa mchana. Kisha taa huwekwa upande mmoja, karibu kulala na uso wa picha, ili kila mkunjo, ufa na mpigo mnene utoe kivuli. Baadaye chumba hutiwa giza na picha humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno: vanishi ya zamani hung'aa kijanikijani, na viraka vya warekebishaji huonekana kama madoa meusi. Infraredi hupenya rangi nyingi na kuonyesha mistari ya mkaa iliyochorwa mwanzo; kwa Velázquez mara nyingi inaonyesha kidogo tu, kwa kuwa alipenda kuchora moja kwa moja kwa brashi. Mwisho ni eksirei, ambayo huzuiwa na risasi. Hivyo kila mahali palipo na nyeupe ya risasi hutoka peupe kwenye filamu, hata kama imefunikwa.

Eksirei pia huonyesha kitambaa. Kitani kinapowambwa kwa misumari, nyuzi za kingoni huvutwa na kupinda kama mawimbi madogo, na rangi ya chini ikikauka hubaki na umbo hilo. Ukikuta mawimbi kwenye kingo tatu na ya nne nyuzi zimenyooka, kuna sababu nzuri ya kudhani kwamba ukingo huo ulikatwa baadaye. Kwa picha za watu wasio na jina jambo hili lina uzito wa pekee. Majina na nembo mara nyingi ziliandikwa pembeni au juu, na ndizo zilizokatwa pale picha ilipotakiwa kuingia kwenye fremu mpya. Idadi ya nyuzi kwa kila sentimita nayo huhesabiwa. Vitambaa viwili vyenye mpangilio uleule wa nyuzi nene na nyembamba huenda vilikatwa kwenye jora moja, na hilo huleta picha mbili karibu kwa wakati kuliko ushahidi wowote wa mtindo.

Sasa nguo, ambapo utajiri wote upo.

Katika miaka ya 1630 mwanamke wa tabaka la juu Madrid alijulikana kwa umbo lake kabla ya uso wake. Kifua kilibanwa kwa kipande kigumu hadi kikawa bapa. Kiunoni alivaa guardainfante, kizimba cha pete za mbao, chuma au mfupa wa nyangumi kilichofungwa kwa utepe na kamba chini ya sketi, kikapanua nyonga kulia na kushoto hadi kupita mlangoni kukawa kazi. Mfano unaojulikana zaidi ni picha ya malkia Mariana, mke wa Felipe IV, aliyochora Velázquez mwaka 1652 na 1653, iliyopo Prado, jumba la makumbusho la Madrid: mikono yake imelala juu ya sketi kama iliyowekwa juu ya meza. Miguuni walivaa viatu vya soli nene ya mti wa koki, vilivyofichwa kabisa na sketi.

Bibi wa Pepeo hana dalili ya kizimba hicho. Kiuno chake kinashuka kwa urahisi, mikono ya gauni imejaa bila ugumu, na kifua hakikubanwa bapa. Shingo ya gauni ipo wazi kwa namna iliyopendwa Paris. Ukiondoa mtandio na rozari, unabaki na mavazi ya Kifaransa ya mwishoni mwa miaka ya 1630.

Hapo sheria inaingia. Mwaka 1639 Felipe IV alitoa amri kwamba hakuna mwanamke wa daraja lolote atakayevaa guardainfante, isipokuwa wanawake wanaopata riziki kwa miili yao kwa idhini ya serikali. Katika mwaka huohuo gauni la shingo iliyokatwa chini likawekewa katazo lilelile na ruhusa ileile. Mwaka huo pia wanawake walikatazwa kutembea wamejifunika uso kwa mtandio. Msomaji wa pwani yetu anaweza kushangaa kwamba serikali ya Kikatoliki ilipiga vita kufunika uso, lakini mtindo huo Madrid ulikuwa na jina lake: mwanamke huyo aliitwa tapada, aliyejifunika. Alibakiza jicho moja tu, na hakuna aliyeweza kujua kama ni mke wa waziri au muuza maua. Kilichowaudhi watawala ni kwamba vazi moja liliwafanya wote kuwa sawa barabarani.

Amri hizo hazikutiiwa sana, na malkia wa baadaye akivaa kizimba kikubwa kuliko vyote ni ushahidi wa kutosha. Hata hivyo zinasaidia kuweka mipaka. Mwanamke wa heshima wa Madrid aliyechorwa baada ya 1639 na mchoraji wa mfalme, akiwa na shingo ya gauni iliyo wazi kiasi hiki, angekuwa amevaa hadharani kile ambacho mfalme mwenyewe alikitaja kuwa alama ya kahaba. Kwa hiyo ama picha ilitangulia amri hiyo, ama bibi huyu hakuwa mtu wa kuhukumiwa kwa desturi za Madrid. Yote mawili yanawezekana kwa pamoja.

Na yupo mwanamke anayeingia katika nafasi hiyo. Marie de Rohan, mke wa Bwana wa Chevreuse, alikuwa rafiki wa Anne, malkia wa Ufaransa, ambaye alikuwa dada yake Felipe IV. Richelieu, waziri wa Ufaransa, alimshuku Marie kwa njama, na mwezi wa Septemba 1637 Marie akatoroka kwa farasi akiwa amevaa nguo za kiume, akavuka mpaka na kufika Madrid mwezi wa Desemba. Alikaribishwa kwa heshima kubwa. Taarifa ya habari za Madrid ya tarehe 16 Januari 1638 inasema kwamba Velázquez alikuwa akimchora, akiwa katika mwonekano na mavazi ya Kifaransa. Miezi michache baadaye alikuwa Uingereza.

Ushahidi huo ni mzuri kuliko ule ambao picha nyingi za aina hii hupata: jina la mchoraji, jina la mwanamke, tarehe, na aina ya nguo. Tatizo ni kwamba picha tunayoiona ina mtandio na rozari, vitu vya mwanamke wa Madrid anayeelekea kanisani. Wanaomtetea Marie husema mgeni angeweza kuvaa mtandio wa wenyeji juu ya gauni la kwao. Wapinzani hutaja umri: alizaliwa Desemba 1600, hivyo alikuwa na miaka 37, nao wanaona uso wa msichana zaidi. Mimi hoja ya umri hainishiki. Velázquez alichora ngozi kwa tabaka laini bila kufuata kila mkunjo, na poda na rangi ya mashavu zilitumika kwa wingi. Kinachonisumbua zaidi ni picha nyingine.

Picha hiyo ipo Chatsworth, nyumba ya ukoo wa Devonshire nchini Uingereza. Inaonyesha uso unaofanana sana na huu, mtandio mweusi pia, lakini shingo imefunikwa na mavazi ni ya Kihispania tupu. Wataalamu wanabishana kama ni mkono wa Velázquez au wa karakana yake. Ikiwa ni mwanamke yuleyule, mtoro wa Kifaransa aliyekaa Madrid majuma machache anapungua uzito, na mkazi wa mji huo anapanda. Ndipo linapoingia jina la Francisca, binti wa mchoraji, aliyebatizwa Seville mwaka 1619 na kuolewa mwaka 1633 na Juan Bautista Martínez del Mazo, msaidizi wa baba yake. Jina hilohilo hutajwa kwa mwanamke anayeshona katika picha isiyomalizika iliyopo National Gallery of Art, Washington. Lakini hatuna picha yoyote ya Francisca iliyothibitishwa ya kulinganishia. Kumtambua mtu kwa kufanana na mtu ambaye uso wake haujulikani ni kuzunguka mti uleule. Kati ya hao wawili, naegemea kwa Marie, kwa sababu nguo na taarifa ya Januari 1638 zinakutana. Picha ya Chatsworth ndiyo inayonizuia kusema zaidi ya hapo.

Desturi yenyewe ya Madrid inaeleza kwa nini kazi ni ngumu hivi. Velázquez alichora wanawake wachache mno nje ya familia ya mfalme, na wengine kati ya hao ni wenye majina: mtawa Jerónima de la Fuente mwaka 1620, Antonia de Ipeñarrieta akiwa na mwanawe miaka ya 1630. Picha za wanawake wa nyumba kubwa zilikaa vyumba vya ndani, na orodha za mirathi ziliandikwa na makarani waliotosheka na maneno kama "picha ya mwanamke". Mjukuu wa tatu hakukumbuka ni bibi gani. Picha ikauzwa, na jina likabaki nyumbani.

Hii ya pepeo inaonekana wazi mwanzoni mwa karne ya 19 mikononi mwa Lucien Bonaparte, ndugu wa Napoleon, aliyekuwa balozi Madrid. Ikapita kwa Alejandro Aguado, mwenye benki wa Kihispania aliyeishi Paris, na mwaka 1847 ikanunuliwa na mwinyi wa nne wa Hertford. Mjane wa mrithi wake, Richard Wallace, akaacha mkusanyiko wote kwa taifa la Uingereza mwaka 1897.

Pepeo nalo lina safari yake. Mapepeo ya kukunja yalibuniwa Japani na kuingia Ulaya kwa meli za Wareno zilizotoka Mashariki. Felipe IV alikuwa pia mfalme wa Ureno hadi Desemba 1640. Ngome ya Fort Jesus, Mombasa, ilikuwa chini ya taji lake, na Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa aliyewaasi Wareno mwaka 1631 alikuwa akiasi himaya ya mfalme huyuhuyu. Kitu kilicho mkononi mwa bibi huyu ni matunda ya njia za bahari ambazo pwani yetu ilizijua kwa machungu.

Ukifika Hertford House, jengo la Wallace Collection, kiingilio ni bure. Simama kwanza kama mita tatu kutoka kwenye picha, mahali ambapo mtandio unakuwa lesi. Kisha sogea taratibu na utazame glavu. Kutoka mbali ni ngozi laini iliyobana vidole, na mikunjo kwenye kiganja. Ukibakisha nusu mita, vidole vinayeyuka: mipigo michache ya nyeupe nzito, kijivu cha rangi ya chini kilichoachwa wazi kati yake, na mstari mmoja wa kahawia unaotenganisha mkono na pepeo.